Karakana ya kuchomelea: macho, moshi na nani analipa

Maswali haya huulizwa na wenye karakana ndogo za mageti na magrili huku Tanzania Bara, zile za fundi mmoja na vijana wawili watatu.

Kijana alichomelea mchana, usiku kaamka analia kwamba macho yamejaa mchanga. Atapofuka?

Kwa kawaida hapana. Mwanga wa kuchomelea umeunguza utando wa mbele wa jicho, na maumivu yake huchelewa saa 6 hadi 12. Ndiyo maana mtu hulala mzima akaamka usiku wa manane anapapasa ukuta. Mara nyingi hupona ndani ya siku moja au mbili. Apumzike gizani, aweke kitambaa cha maji baridi juu ya kope zilizofumbwa, ameze parasetamo. Viazi, vitunguu na maziwa ya mama visiguse jicho, maana lililochubuka hupata maambukizi upesi. Asinunue pia matone ya ganzi: yanatuliza kweli, lakini yakirudiwarudiwa huzuia jicho kupona na yanaweza kuliharibu kabisa. Siku mbili zikipita bila nafuu, au akiona ukungu, aende kliniki ya macho.

Anayeumia zaidi mara nyingi si fundi. Ni yule kijana anayeshika paipu, kageuza uso pembeni na kufumba macho akidhani inatosha. Naye anahitaji kioo chake cheusi cha kuchomelea. Miwani ya jua haifai. Kwa kuchomelea kwa umeme tafuta kioo chenye giza la namba 10 kwenda juu.

Chembe ya chuma imeingia jichoni. Fundi mzee huitoa kwa njiti ya kiberiti.

Akome, hata kama amewatoa wengi. Chembe ya grenda hutoka ya moto, hung'ang'ania kwenye jicho na huacha duara la kutu. Suuza kwa maji safi bila kusugua. Isipotoka, funika jicho bila kulibana, umpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Maziwa hayasafishi moshi kifuani?

Hayasafishi. Maziwa yanaenda tumboni, moshi uko mapafuni. Najua karakana nyingi pakiti ya maziwa ni sehemu ya posho, na wala sisemi msinywe, ni chakula kizuri. Ila yasihesabiwe kuwa kinga.

Paipu za galvanaizi, zile zilizopakwa zinki, ndizo za kuangalia. Zinki yake ikiungua, jioni fundi anapata homa, baridi kali, viungo vinauma na mdomo una ladha ya chuma. Wengi hukimbilia dawa ya malaria bila kupima. Homa hiyo huisha yenyewe, kwa kawaida ndani ya siku mbili, lakini kifua kikibana asingoje. Madhara ya muda mrefu ni mazito zaidi: mwaka 2017 wataalamu wa shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya WHO, waliuweka moshi wa kuchomelea kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Chomeleeni nje, upepo ukitoka ubavuni, na kwangueni zinki sehemu ya kuungia mkiwa na barakoa za N95. Ya kitambaa haizuii moshi huu.

Kijana ni deiwaka, kibarua wa kutwa, na ameandika karatasi kwamba akiumia ni juu yake. Niko salama?

Karatasi hiyo haikuokoi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtwika mwajiri wajibu wa usalama, vifaa vya kinga vikiwemo, na wajibu huo haufutwi kwa sahihi ya kijana mwenye njaa.

Jisajili OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, kisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza kazi 2015. Mchango ni asilimia 0.5 ya mshahara, unalipwa na mwajiri bila kumkata mfanyakazi. Kwa anayelipwa 200,000, ni shilingi 1,000 kwa mwezi. Mfuko hugharamia matibabu, hulipa fidia ya ulemavu, na hulipa wategemezi mfanyakazi akifa. Linganisha na bili ya mkono mmoja uliokatika.

Ajali ikitokea, mhudumie mtu kwanza. Kisha piga picha mashine kabla hujaitengeneza, tunza diski iliyopasuka, andika saa na waliokuwepo, utoe taarifa mapema.

Kinga ya grenda inazuia kuona, tunaitoa.

Mara nyingi inatolewa ili diski kubwa iingie kwenye grenda ndogo. Grenda hiyo inazunguka kasi kuliko diski inavyohimili, nayo hupasuka usawa wa uso. Rudisheni.

Mteja ameleta tanki la petroli limetoboka, tumeliacha wazi juani siku nzima.

Msiliguse kwa moto. Mvuke hubaki hata tanki likionekana kavu, na cheche moja hulilipua. Mwambieni anunue jingine.