Maana ya Thamani ya Kibiashara ya Afya ya Akili Kazini

Thamani ya kibiashara ya afya ya akili kazini ni faida inayopimika kwa fedha anayoipata mwajiri anapogharimia jitihada za kuzuia kazi isiwaumize wafanyakazi wake kiakili, na za kuwasaidia wale ambao tayari wanaugua. Dhana hii haipingani na huruma, lakini haiitegemei. Inamtaka mwajiri aitazame sonona, wasiwasi uliopitiliza au uchovu wa kazi kwa jicho lile lile analotazamia mzigo wake uliokwama bandarini: kila siku inayopita ina gharama, na gharama hiyo kuna mtu anailipa.

Ukubwa wa gharama yenyewe umekwishakadiriwa. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalieleza kwamba sonona na wasiwasi huipotezea dunia siku za kazi bilioni 12 kila mwaka, na kwamba uzalishaji unaopotea una thamani ya dola za Marekani trilioni 1. Nchini Kenya, tathmini iliyochapishwa mwaka 2021 ilikadiria kuwa maradhi ya akili yaliugharimu uchumi wa nchi hiyo shilingi bilioni 62.2 katika mwaka 2020. Sehemu kubwa kabisa ya fedha hizo haikwenda hospitalini wala kwenye dawa. Ilikuwa thamani ya kazi ambayo watu wangeifanya na hawakuifanya.

Katika kampuni moja, hasara hiyo huonekana kwa urahisi pale mtu anapokosa kufika kazini au anapoacha kazi moja kwa moja. Iliyo kubwa zaidi haionekani, nayo ni ya mtu anayefika kazini akiwa mgonjwa. Watanzania wanamfahamu mfanyakazi hewa, yaani jina lililomo katika orodha ya mishahara lisilo na mtu. Huyu ninayemzungumzia ni kinyume chake: mtu yupo, amesaini daftari la mahudhurio na ameketi mezani, lakini uwezo wake wa kufikiri umechoka. Chukua mfano wa mhasibu anayefunga hesabu za mwezi huku hajalala vizuri kwa wiki tatu. Taarifa ya benki anaisoma mara nne bila kuielewa, kazi aliyozoea kuimaliza saa tisa alasiri inamfikisha saa mbili usiku, na msimamizi wake anamsifu kwa bidii. Kosa linagunduliwa na mkaguzi baada ya miezi kadhaa, na hakuna anayelihusisha na ugonjwa. Uingereza, ambako serikali iliagiza uchunguzi wa jambo hili chini ya Dennis Stevenson na Paul Farmer, ripoti ya mwaka 2017 ilikadiria kuwa waajiri hupoteza kati ya pauni bilioni 33 na 42 kwa mwaka, na zaidi ya nusu ya hasara hiyo hutokana na watu wa namna hii, waliopo kazini lakini hawawezi kuifanya kazi ipasavyo.

Kwa nini basi mgonjwa asipumzike? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya mwaka 2004, inampa mfanyakazi siku 126 za likizo ya ugonjwa katika kila kipindi cha miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na zinazofuata kwa nusu mshahara. Anachotakiwa kuleta ni cheti cha daktari. Hapo ndipo penye kikwazo, kwa sababu katika nchi ambayo jina la Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, bado hutumika kama tusi, ni wachache watakaokuwa na ujasiri wa kuipeleka ofisi ya utumishi karatasi iliyoandikwa sonona. Wengi husema wana malaria, au huja kazini hivyo hivyo. Kwa maoni yangu hakuna matumizi yenye faida kubwa kuliko kumhakikishia mfanyakazi kwamba siri yake itatunzwa, maana hayamgharimu mwajiri karibu chochote.

Kuhusu faida ya uwekezaji, takwimu inayotajwa sana ni ya utafiti ulioongozwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2016: kila dola 1 inayowekwa katika tiba ya sonona na wasiwasi hurudisha dola 4 kwa njia ya afya bora na uwezo wa kufanya kazi. Takwimu hiyo inastahili kutumiwa kwa uangalifu. Ilihusu tiba katika mataifa mazima, na haimaanishi kuwa semina ya siku moja hotelini itarudisha mara nne ya bei yake. Shirika hilo hilo, lilipoufafanua uchovu wa kazi mwaka 2019, lilisema unatokana na msongo wa muda mrefu kazini ambao haukudhibitiwa, na halikuuita ugonjwa. Ikiwa chanzo kimo katika kazi, basi dawa yake ya kwanza inapaswa kutafutwa katika kazi: katika zamu zinazopangwa usiku wa kuamkia siku yenyewe, malengo ya mauzo yasiyofikika, na msimamizi ambaye hajawahi kufundishwa namna ya kuzungumza na mtu aliyelemewa. Huduma ya ushauri nasaha inafaa, ila haiwezi kufidia ratiba mbaya.

Mwajiri anayetaka kujua thamani hii katika ofisi yake hahitaji mtaalamu wa kigeni. Kumbukumbu anazo: siku za ugonjwa, saa za ziada, makosa yaliyolazimu kazi irudiwe, na idadi ya walioacha kazi pamoja na gharama ya kuwafundisha waliochukua nafasi zao. Azijumlishe kabla ya kubadilisha chochote, kisha azijumlishe tena baada ya miezi 12. Hesabu hiyo ifanywe kwa idara, kamwe isifanywe kwa majina, kwani siku wafanyakazi watakapohisi kwamba inaweza kumtambulisha mgonjwa ni nani, wote watarudi kusema wana malaria.