Urejeshaji wa jengo la kale: hiyo "hali ya awali" ni ipi?

Jengo la kale likipigwa lipu mpya na kupakwa rangi, taarifa haikosi kusema "limerejeshwa katika hali yake ya awali". Mara nyingi si kweli, na wanafunzi wa usanifu majengo wameshaanza kuinakili sentensi hiyo hadi kwenye tasnifu zao.

Kwa ufupi, urejeshaji ni kuirudisha sehemu ya jengo kwenye hali ya zamani inayojulikana, kwa kuondoa vilivyoongezwa baadaye au kuvipanga tena vipande vilivyokuwapo. Ukarabati ni kutengeneza kilichoharibika ili jengo liendelee kutumika. Uhifadhi unabeba yote hayo, pamoja na kazi zisizo na sifa kama kuzibua mifereji ya paa kila mwaka.

Uzito wote uko kwenye hilo "inayojulikana". Mkataba wa Venice wa 1964, mwongozo wa kimataifa wa kuhifadhi majengo ya kale, unataka urejeshaji ukome pale kubahatisha kunapoanza. Unataka pia mchango wa kila kipindi uheshimiwe, kwa hiyo jengo la karne ya 16 lililoongezwa baraza karne ya 18 na ngazi ya chuma karne ya 19 lina hali tatu, na zote ni zake. Anayebomoa baraza ili "asili" ionekane amefuta ushahidi usiorudi. Kufanya hivyo kunaruhusiwa tu ikiwa kinachoondolewa kina thamani ndogo, kinachofichuliwa kina thamani kubwa, na kimebaki kizima kiasi cha kustahili usumbufu huo. Tena uamuzi hauachiwi msimamizi wa kazi peke yake.

Chukua mnara mwembamba wa kanisa la Notre-Dame, Paris, ulioungua Aprili 2019. Wengi waliuomboleza kama kazi ya Zama za Kati, kumbe ulikuwa wa msanifu Mfaransa Eugène Viollet-le-Duc, wa 1859. Ule wa kale ulishaondolewa mwishoni mwa karne ya 18. Viollet-le-Duc ndiye aliyefundisha kwamba kurejesha jengo ni kulipatia ukamilifu ambao huenda halikuwahi kuwa nao wakati wowote, na mpaka leo wapo wanaofanya kazi kwa imani yake bila kumjua. Mnara uliosimamishwa baada ya moto, kwa mbao mpya za mwaloni na madini mapya ya risasi, umefuata umbo la 1859. Kwa kipimo cha Mkataba wa Burra, mwongozo wa uhifadhi uliopitishwa Australia mwaka 1979, nyenzo mpya zikiingia ili kulirudisha umbo lililopotea, kazi hiyo ni ujenzi upya. Hakuna aibu hapo. Mji mkongwe wa Warsaw, Poland, ulijengwa upya baada ya Vita vya Pili vya Dunia na ukaingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1980 kwa sifa hiyohiyo.

Ushahidi wenyewe hutafutwa kabla mchoro wa mapendekezo haujaanza. Jengo hupimwa na kuchorwa kwa skeli ya 1:50, milango na madirisha 1:20, kila ufa na kila doa la unyevu likiwekwa mahali pake. Rangi hukwanguliwa kwa kisu kidogo cha upasuaji, tabaka moja moja kama ngazi, mpaka lipu ionekane. Lipu nayo: kipande hupondwa na kutiwa asidi hafifu ya haidrokloriki, chokaa huyeyuka, mchanga hubaki, huoshwa, hukaushwa, hupimwa uzito na kuchekechwa. Angalizo: mchanga wenye vipande vya makombe au matumbawe huyeyuka pamoja na chokaa, na hesabu itadai mchanganyiko ulikuwa na chokaa nyingi kuliko ilivyokuwa.

Anayeruka hatua hii huishia kwenye saruji. Saruji ni ngumu na haipitishi mvuke vizuri. Maji yanayopanda kutoka msingini hukosa pa kutokea, chumvi huganda nyuma ya lipu na kusukuma, na jiwe ndilo linalomomonyoka. Lipu inaweza kubaki imara huku ukuta nyuma yake ukigeuka unga. Lipu ya chokaa, kwa kawaida kipimo 1 cha chokaa kwa 3 vya mchanga, hupigwa juu ya ukuta uliolowanishwa, kwa tabaka za milimita 10 hivi, kisha hufunikwa isipigwe na jua na kunyunyiziwa maji kwa siku kadhaa. Ikikauka haraka haishiki, kwa kuwa inahitaji unyevu ili ivute kabonidayoksaidi ya hewani na kuwa ngumu.

Basi kwenye kibao cha mlangoni ingetosha kuandika: paa limejengwa upya, lipu imekarabatiwa kwa chokaa, milango miwili imerejeshwa kwa kufuata picha ya zamani. Na kama picha ilikuwa moja tu, iandikwe kuwa ni moja.