Dishi ni zima, baba. Shida haiko kwenye dishi

Wiki iliyopita nimepigiwa simu na baba mmoja wa Uyole, mteja wangu wa wiki tatu. Alinunua seti kamili: dishi la sentimita 90, king'amuzi, kebo mpya, TV akaipandisha ukutani chumbani kwake. Nilimfungia kwa mikono yangu. "Fundi, njoo uangalie, hii picha itakuwa na kasoro. Mke wangu bado anakwenda kuangalia tamthilia kwa jirani."

Nikaenda. Nikafungua menyu ya king'amuzi: nguvu ya signali 88, ubora 82. Kwa Mbeya hapo hutaki zaidi. Nikapanda juu, nikagusa LNB, kile kichwa cha mbele ya dishi kinachopokea mawimbi, nikakagua konekta, hakuna maji, hakuna kutu. Nikashuka nikamwambia dishi ni zima. Hakukubali. Akataka nibadilishe LNB.

Sijui hii ni mara ya ngapi. Watu wameshikilia kwamba majirani hujazana kwenye TV ya mtu kwa sababu hawana ya kwao, kwa hiyo kila nyumba ikipata king'amuzi kila mtu atatulia kwake. Wengine huligeuza wakasema tamthilia zimeua ujirani, watu wamejifungia na vioo vyao. Mimi naingia sebule za watu kila siku, kuanzia enzi za antena juu ya mwanzi, na sebule ninazoziona haziko hivyo. Nimefunga madishi kwenye nyumba sita zinazofuatana, na saa ya tamthilia nikakuta watu wa nyumba nne wamekaa kwenye moja.

Nianze na upande wa ufundi, maana huko ninajua ninachosema.

Analojia, yale matangazo ya zamani ya antena, picha yake ilikuwa inakufa taratibu. Chenga zinaingia, sura inafifia, lakini sauti bado unaisikia, unaendelea kufuata hadithi kwa masikio. Hapa Mbeya ilizimwa mwaka 2013, Dar es Salaam ikiwa imetangulia Desemba 31, 2012. Dijitali haijui kuugua: iko nzima, iko nzima, mara picha inavunjika vipande vya mraba, mtu anaganda mdomo wazi, halafu kioo kinakuandikia hakuna signali. Na madishi haya madogo ni ya masafa yanayoitwa Ku-band, gigahezi 10.7 mpaka 12.75. Wimbi lake ni fupi, sentimita mbili na nusu hivi, na mvua nzito inalinyonya na kulitawanya. Yale madishi makubwa ya zamani, ya futi sita na nane, ni C-band, wimbi refu zaidi, mvua hailisumbui sana. Sasa chukua Ku-band uipeleke Rungwe, Tukuyu inakopata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Unaelewa.

Jambo ambalo wateja hawalijui ni kwamba mtaa haukatiki kwa pamoja. Dishi la sentimita 60 lililofungwa kwa haraka, ubora 45, linaondoka wingu likitokeza tu. La 90 lililosetiwa vizuri lina akiba, linavumilia dakika kumi, kumi na tano zaidi, na pengine mvua inapita bila picha kukatika. Kwa hiyo wakati Hurrem, yule mwanamke wa tamthilia ya Sultan, yuko katikati ya njama zake, nyumba tano zimezima na moja inaongea. Watu hufuata sauti. Hapo haulizwi mtu kama ana TV.

Sasa niwaeleze nilichokiona Tukuyu.

Nilikuwa kwa bibi mmoja, mwezi wa tatu, nimekwenda kubadilisha kebo iliyotafunwa na panya. Nimemaliza, mabaki ya kebo ya zamani yako sakafuni, bibi kakaa na wajukuu wawili na jirani mwenye mtoto mgongoni. Wanaangalia marudio ya mchana ya Sultan, ile tamthilia ya Kituruki. Mvua ikashuka kwa nguvu. Lori la ndizi likasimama nje, dereva akaja mbio mpaka barazani. "Kamwene!" akasema, kwa mazoea ya kwao Iringa, kisha akajisahihisha: "Shikamoo bibi. Naomba nijikinge mvua."

"Marahaba, karibu ndani."

Akasimama mlangoni, viatu vya tope kaviacha nje. Akatazama kioo. Dakika hiyo hiyo picha ikavunjika, ikaganda.

"Kumbe ni ya jana," akasema. "Mimi nimeiona usiku, gesti pale Makambako. Ibrahim keshakufa?"

Bibi akageuka. "Afe, kwani anaumwa?"

Kimya. Yule kijana alijua alichokifanya, na uso wake ukamwonyesha. Kioo kimeshaandika hakuna signali. Mvua inapiga bati, bibi anamtazama mtu ambaye dakika tatu nyuma hakuwa anamjua kabisa. Kisha akasogea kwenye kochi, akapapasa nafasi. "Kaa. Sema."

Akakaa akasimulia. Jinsi Ibrahim alivyoitwa kula na Sultani, rafiki yake tangu ujana, jinsi alivyolala mle mle jumbani, na wanyongaji walivyoingia usiku. Mikono ina madoa ya utomvu wa ndizi. Akaokota kipande cha kebo yangu sakafuni akaonyesha walivyomkaba. Jirani akaziba mdomo kwa kanga. Mjukuu mkubwa akauliza kama ni kweli, nikamjibu mimi kwamba ni kweli: Ibrahim Pasha alinyongwa mwaka 1536 kwa amri ya Sultani Suleiman mwenyewe. Bibi akasema, "Na huyo Suleiman akaendelea kula?"

Picha ikarudi. Jirani akanyoosha mkono akapunguza sauti.

Naomba mrudie sentensi hiyo, kwa sababu hapo ndipo ninapogombana na watu wote wanaosema ni suala la kuwa na TV au kutokuwa nayo. Picha imerudi, ubora 79, nimeuona mwenyewe, na mwenye nyumba hakutaka picha. Alimtaka aliyeiona. Waliongea muda mrefu sana, mvua ikakatika, ndizi za watu zimo kwenye lori, na bibi alikuja kumuuliza jina kijana anavaa viatu.

Nimefikiria sana kwa nini jina linakuja mwisho. Kawaida kwetu linatangulia: wewe ni mwana wa nani, umetoka wapi, umeolea wapi. Na lina sababu. Mgeni huwezi kuongea naye kuhusu watu, kwa kuwa hujui yupi ni shemeji yake. Umbea una wenyewe. Ukimsema mtu Mwanjelwa sokoni, anayekusikiliza anaweza kuwa binamu yake, na kesho umeitwa kikaoni. Kwa hiyo wageni wawili huishia kwenye mvua na bei ya mbolea. Lakini Hurrem hana binamu Mwanjelwa. Ibrahim hana shemeji Makambako. Ni watu mnaowajua wote wawili, mmewaona wakilia, mnajua siri zao, na mnaweza kuwasema mpaka mchoke bila mtu kuumia. Nje ya tamthilia sijui ni wapi wageni wawili watampata mtu wanayemjua wote kwa undani hivyo.

Na ndani ya kumsema huyo wa kwenye kioo, watu wanasema na ya kwao. TBC walipoonyesha tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake, mwaka 2011, imetiwa sauti za Kiswahili, kila nilikokwenda kufunga nilikuta wanawake wanabishana. Ilitajika mpaka Rais Xi Jinping akaizungumzia Dar es Salaam Machi 2013. Kwa Wanyakyusa, ambako mkwe ni mtu wa heshima na kuepukwa, tena kwa mila za zamani mke hakutakiwa hata kukutana uso kwa uso na baba mkwe, mwanamke hawezi kukaa na mgeni akamteta mama mkwe wake. Lakini wa Doudou anamteta vizuri tu. Nimesikia mama mmoja akisema "yule mama wa Kichina hanipi hata chumvi", na wote sebuleni wakamwelewa, hakuna aliyemsahihisha.

Hizo sauti za Kiswahili nina shaka nazo, niseme ukweli. Zimewaingiza wazee ndani ya hadithi, bibi yule wa Tukuyu asingefuata chochote bila hizo. Lakini enzi za Isidingo, ile tamthilia ya Afrika Kusini, pale ITV, na Kiingereza chake kingi, kila sebule ilikuwa na mfasiri, binti wa sekondari aliyekaa mbele akiwageukia wengine. Watu walitoka nyumba tatu mbali kumfuata yeye. Huyo hayupo tena, na sina hakika tulipata zaidi ya tulichopoteza.

Shaka ya pili ni simu. Vijana wanaangalia vipande kwenye simu, kila mtu kwa saa yake, na huwezi kuuliza "jana iliishia wapi?" kama jana ya kila mmoja ni tofauti. Ya tatu inaniuma zaidi: nimeona watu waliokaa pamoja mwaka mzima kwa tamthilia moja, ikaisha, na wao wakaisha. Wanasalimiana tu njiani. Wengine wanabaki ndugu kabisa. Kwa nini hawa na si wale, sijapata jibu.

Baba wa Uyole nilimweleza haya yote tumesimama uani, na LNB mpya iko mfukoni mwangu sikuitoa. Alinyamaza, akaniuliza TV ya jirani iko wapi. Nikamwambia sebuleni, mlango wazi, mkeka mpaka barazani. Ya kwake iko chumbani kwa mume na mke, nani ataingia humo kuuliza Hurrem kafanya nini?

Ameniomba niihamishe. Inahitaji kebo mita 12 na kutoboa ukuta mmoja. Nakwenda Jumamosi.