Hataza ya umbo la kashata za tairi inalinda nini?

Kashata za tairi, yaani ile mifereji na vinundu vya mpira vinavyokanyaga barabara, zina kazi zake: kutoa maji, kushika tope, kupunguza kelele. Lakini zina sura pia, na sura hiyo inaweza kuwa na mwenyewe kisheria. Nchini Marekani kampuni huiombea hataza ya umbo, haki ya kumzuia mwingine asitengeneze, asiuze wala asiingize nchini tairi lenye sura hiyo bila ruhusa.

Wengi huichanganya na hataza ya uvumbuzi, ambayo hulinda namna kitu kinavyofanya kazi na hudumu miaka 20 tangu siku ya kuombwa. Hataza ya umbo hulinda kinachoonekana kwa macho tu. Ikiwa umbo limelazimishwa na kazi yake, kiasi kwamba haliwezi kuwa vingine, hakuna cha kulinda. Kashata hupita mtihani huo kwa sababu mifereji hupangika kwa njia nyingi: matairi mawili yanaweza kushika barabara sawasawa huku sura zake zikiwa mbali kabisa.

Hati yenyewe karibu haina maneno. Dai huwa moja: umbo la urembo la kashata za tairi, kama lilivyoonyeshwa na kuelezwa. Kilichobaki ni michoro, na kwa maoni yangu hapo ndipo haki yote ilipo. Mstari mzima unaonyesha kinachodaiwa. Mstari wa nukta unaonyesha kisichodaiwa. Ndiyo maana ubavu wa tairi mara nyingi huchorwa kwa nukta. Mwigaji akibadilisha ubavu na kuandika jina lake, bado hajaponyoka, maana ubavu haukuwa sehemu ya dai. Mchoraji akiteleza na kuuchora kwa mstari mzima, haki ya mteja wake imeshapungua.

Kipimo cha uigaji kilitoka katika kesi ya Gorham dhidi ya White ya 1871, iliyohusu vijiko na uma: je, mnunuzi wa kawaida, akitazama kwa uangalifu wake wa kawaida, angedanganyika akanunua kimoja akidhani ni kingine? Mwaka 2008, katika kesi ya Egyptian Goddess, mahakama ya rufaa iliongeza kwamba mtazamaji huyo ahesabiwe kuwa anayajua maumbo yaliyotangulia. Kashata zimeshabuniwa nyingi mno, hivyo tofauti ndogo huwa na uzito.

Na mnunuzi ni nani? Goodyear ilipoishitaki Hercules kuhusu kashata za matairi ya malori, jicho lililotumika lilikuwa la madereva wa malori na wenye makampuni ya usafirishaji, watu wanaoyajua matairi. Mwaka 1998 mahakama ya rufaa ilikubali kwamba Hercules haikuvunja hataza.

Kwa maombi yaliyowasilishwa tangu tarehe 13 Mei 2015, ulinzi hudumu miaka 15 tangu hataza kutolewa, bila ada za kuihuisha. Lakini unaishia mpakani mwa Marekani. Anayetaka kuilinda sura hiyohiyo nchini Kenya husajili umbo lake kwa KIPI, taasisi ya serikali ya Kenya inayosajili hataza na maumbo, kwa miaka 5 inayoweza kuongezwa mara mbili.