Ukanda wa kinga wa kiota: mpaka kati ya mtazamaji na ndege mbuai adimu

Ukanda wa kinga wa kiota ni eneo linalozunguka mahali ambapo ndege ametaga, ambalo watu huzuiwa kuliingia kwa muda wote ambao kuingia kwao kungeweza kuwafanya wazazi wayaache mayai au makinda. Ukanda huo una upana na pia una muda, na vyote viwili hupimwa kwa tabia ya ndege mwenyewe, si kwa hamu ya mtu anayetaka kumwona. Wengi hudhani kwamba ni njia ya kuwafukuza watazamaji wa ndege. Ukitumika inavyopasa, kazi yake ni pana zaidi: huonyesha mahali pasipokanyagwa, na kwa kufanya hivyo huonyesha pia mahali ambapo mtu anaweza kusimama na darubini yake kwa saa nzima bila kumdhuru yeyote.

Haja ya ukanda huu ni kubwa zaidi kwa ndege mbuai, yaani tai, kozi, mwewe na jamaa zao, kwa sababu ya jinsi wanavyozaliana. Ndege wadogo wengi hutaga mayai kadhaa, na kiota kikiharibika hujenga kingine baada ya siku chache. Tai mkubwa hutaga yai moja au mawili, huatamia kwa wiki tano au zaidi, kisha humlisha kinda kwa miezi. Kiota chake kikiharibika katikati ya msimu, mara nyingi hapabaki muda wa kuanza upya, na uzazi wa mwaka huo huwa umekwisha. Tai wa Ufilipino hutaga yai moja tu, na jozi iliyofanikiwa kulea kwa kawaida huzaa mara moja katika miaka miwili. Pale ambapo jozi zilizobaki katika nchi nzima ni za kuhesabu kwa vidole, mtu mmoja aliyesogea hatua chache ili apate picha nzuri zaidi anaweza kuwa amefuta sehemu kubwa ya kizazi kizima cha mwaka ule.

Usumbufu wenyewe hauonekani jinsi watu wanavyoutarajia. Mtu hufikiri kwamba ndege akisumbuliwa ataruka na kupiga kelele, na kwamba asiporuka basi ameridhika. Kwa kweli mambo huanza mapema zaidi. Kwanza ndege huacha alichokuwa akifanya, huinua kichwa na kumkazia macho aliyekuja. Umbali ambao hali hiyo huanzia huitwa umbali wa tahadhari. Mtu akizidi kusogea, ndege huruka, na umbali huo wa kuruka huwa mfupi kuliko ule wa kwanza. Kwa hiyo anayesubiri ndege aruke ndipo ajue kwamba amekaribia mno amekwisha kuchelewa. Wapo pia ndege ambao hujilaza bapa juu ya mayai mtu anapokaribia, na mtazamaji huwachukulia kuwa wametulia, kumbe wamejificha kwa hofu.

Mzazi akiondoka, mayai hupoa, au huzidiwa na joto kiota kikiwa kwenye jua kali. Makinda wachanga katika siku zao za kwanza hawawezi kujidhibiti joto la mwili, hivyo baridi au mvua ya muda mfupi yaweza kuwaua. Kunguru, ambao ni hodari sana wa kusoma mienendo ya ndege wengine, hufika upesi kwenye kiota kisicho na mlinzi. Hata pasipo na adui, mzazi aliyebeba windo anaweza kuzungukazunguka angani akiogopa kutua mradi watu wangali karibu, na makinda wakashinda na njaa. Wale waliokaribia kuota mbawa kamili wana hatari yao: wakishtuliwa hujirusha nje kabla ya wakati na kuanguka mahali ambapo hawawezi kuinuka tena. Hata hivyo, kipindi kinachohitaji uangalifu kuliko vyote ni cha mwanzo kabisa, wakati jozi inapochagua mahali, inapojenga na kuanza kutaga, kwa kuwa hapo ndege hawajawekeza mengi na huweza kupahama mahali hapo moja kwa moja. Inasikitisha kwamba ndicho kipindi ambacho watazamaji wengi huwa na shauku kubwa zaidi, baada ya miezi ya kungoja ndege warudi.

Je, upana wa ukanda uwe mita ngapi? Hakuna idadi moja inayofaa kila ndege. Nchini Marekani, miongozo ya serikali iliyotolewa mwaka 2007 kuhusu tai mwenye kichwa cheupe, ambaye ni nembo ya nchi hiyo, huwataka watu wanaotembea kwa miguu, watazamaji wa ndege wakiwemo, wakae umbali wa futi 330, yaani karibu mita 100, katika msimu wa kuzaliana iwapo wanaonekana au wanasikika sana kutoka kiotani. Kwa baadhi ya kazi za ujenzi zinazoonekana kutoka kiotani, umbali huo ni mara mbili yake. Idadi hizo zina msingi, lakini ni za ndege huyo mmoja, na hata kwake hutegemea mandhari. Mti mnene au kilima kilicho katikati hupunguza umbali unaohitajika, kwa sababu ndege haoni kitu. Mtu anayetokea juu ya mwamba, akichungulia kiota kilicho chini yake, huogofya kuliko yule aliye chini bondeni, hata wakiwa na umbali sawa. Kozi waliozaliana juu ya mnara wa kanisa katikati ya jiji huwavumilia maelfu ya wapita njia wanaopita chini yao, ilhali kozi wa jabali la mbali wanaweza kuondoka kwa sababu ya mpandaji mmoja. Ndiyo maana ukanda mzuri huchorwa na mtu aliyewatazama ndege wale wenyewe, na umbo lake huwa nadra kuwa duara.

Sheria nazo huangalia athari kwa ndege kuliko idadi ya mita. Uingereza ina sheria ya mwaka 1981 ya kulinda wanyamapori na mashambani, ambayo ndani yake mna jedwali la ndege wanaopewa ulinzi wa juu, wakiwemo tai na kozi. Kumsumbua kwa makusudi au kwa kutojali ndege wa jedwali hilo akiwa anajenga kiota, au akiwa ndani yake au karibu nacho kikiwa na mayai au makinda, ni kosa la jinai. Mpiga picha anayetaka kukikaribia kiota cha ndege huyo kiasi cha kuweza kumsumbua sharti awe na leseni.

Njia ya zamani zaidi ya kulinda viota adimu ni usiri, na bado ndiyo inayofaa viota vingi. Wapo wezi wa mayai wanaoyakusanya kama vito, na wapo wanaoiba mayai au makinda wa kozi ili kuwauza kwa wafugaji wa ndege wa kuwindia. Kwa ajili hiyo eBird, hifadhidata ya dunia ambamo watazamaji huandika ndege waliowaona, haionyeshi mahali hasa walipoonekana ndege walio hatarini kwa sababu hizo. Umma huona tu mraba wa kilomita 20 kwa 20. Huo ni utaratibu wa busara, na kila mtazamaji aliyekuta kiota cha ndege adimu anapaswa kuufuata katika mitandao ya kijamii pia, akikumbuka kwamba picha moja yenye mlima unaotambulika nyuma ya kiota hueleza mengi kuliko maneno.

Lakini usiri una mpaka wake. Kiota kilicho kando ya ziwa linalotembelewa na watu hakifichiki. Habari zake husambaa kwa minong'ono, na wanaofika hujipenyeza kichakani mmoja mmoja bila mtu wa kuwaelekeza pa kusimama. Historia ya osprei, ndege mbuai mla samaki, huko Scotland ndiyo iliyofundisha jambo hili kwa uchungu. Osprei walikuwa wametoweka kama ndege wa kuzaliana Uingereza mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1954 jozi moja ilionekana kuzaliana tena karibu na ziwa la Loch Garten. Chama cha kulinda ndege cha RSPB kilijitahidi kuficha habari na kuweka walinzi. Mwaka 1958, usiku, mwizi aliwapita walinzi hao na kuyachukua mayai, akiacha mahali pake mayai ya kuku yaliyopakwa rangi. Mwaka uliofuata George Waterston wa chama hicho alichukua uamuzi ambao wengi waliuona wa hatari: akatangaza mahali pa kiota, akaweka ukanda uliokatazwa kuzunguka mti, na nje yake akaandaa kibanda cha kutazamia chenye darubini. Watu wapatao 14,000 walikuja msimu huo, na makinda watatu wakaruka salama. Macho ya umati yakawa ulinzi, na watu ambao wangeweza kuvitafuta viota vingine msituni walipata pa kwenda. Leo Uingereza ina zaidi ya jozi 200 za osprei.

Naona watu wengi hukosea wanapoisimulia habari hiyo kana kwamba tangazo ndilo lililowaokoa ndege. Kilichowaokoa ni tangazo lililofuatana na mpaka, walinzi wa zamu na mahali palipoandaliwa pa kusimama. Tangazo bila hivyo ni kumwelekeza mwizi njia. Hata kamera si mlinzi. Mwezi Aprili 2021, kwenye bwawa la Llyn Brenig nchini Wales, mtu alikata kwa msumeno wa mashine nguzo iliyobeba kiota cha osprei kilichokuwa na yai, ingawa kamera ilikuwa ikikirekodi.

Hivyo kiota cha kuonyeshwa umma huchaguliwa kwa masharti. Kiwe mahali panapoweza kulindwa usiku na mchana. Jozi iwe na historia ya kuvumilia shughuli za watu. Pawe na sehemu ya kutazamia isiyokatiza njia ya ndege kwenda kuwinda, na njia ya kuifikia isiyopita ndani ya ukanda. Kisiwani Mull, ambako tai wa mkia mweupe walizaliana tena mwaka 1985 baada ya kurudishwa Scotland kutoka Norwei, wageni huongozwa na walinzi wa misitu na wa ndege hadi mahali maalumu, na viota vingine vya kisiwa huachwa bila kutajwa. Kiota kimoja kikionyeshwa vizuri, vingi vingine hupata utulivu, na hapo mtazamaji na ndege hawagombanii kitu kimoja.

Ndani ya utaratibu huo mtazamaji ana wajibu wake. Hapigi rekodi ya sauti ya ndege karibu na kiota, kwa sababu wazazi hudhani kwamba mpinzani amevamia himaya yao. Harushi droni. Ndege akimkazia macho au akianza kulia mfululizo, mtazamaji hurudi nyuma hapo hapo, hata kama yuko nje ya kamba inayoonyesha mpaka wa ukanda, kwa kuwa kamba iliwekwa na binadamu na inaweza kuwa imewekwa karibu mno.

Linabaki suala la muda, ambalo wasimamizi hulikosea mara kwa mara kwa kuondoa kamba siku kinda linaporuka kwa mara ya kwanza. Kuruka si kujitegemea. Kinda la osprei huendelea kurudi kiotani kulishwa kwa wiki kadhaa, na lile la tai mwenye ushungi wa misitu ya Afrika, awindaye kima, huwategemea wazazi kwa miezi mingi baada ya kuruka. Ukanda waweza kupunguzwa upana katika kipindi hicho, kwa kuwa hatari ya mayai kupoa imepita, lakini hufunguliwa pale tu kinda linapoacha kurudi kula.