Muhula mmoja ng'ambo haukupotezei mwaka

Ujumbe huu hauishi kuzunguka katika magrupu ya wazazi hapa Mombasa, Kisauni hadi Likoni: eti mwanafunzi wa chuo akienda kusoma muhula mmoja ng'ambo, masomo yale hayahesabiwi, na akirudi huanza mwaka upya. Si kweli.

Vyuo viwili vikiwa na makubaliano ya kubadilishana wanafunzi, masomo huidhinishwa kabla ya safari. Mwanafunzi na vyuo vyote viwili hutia saini karatasi inayotaja kila somo atakalosoma kule na litakavyohesabiwa hapa nyumbani. Vyuo vingi vya Ulaya hupima kazi ya masomo kwa pointi: mwaka mzima 60, muhula 30, yaani muhula wa kule huhesabiwa kama nusu ya mwaka. Na aghalabu karo huendelea kulipwa chuo cha nyumbani, jambo ambalo wazazi wengi hawaambiwi. Nauli, bima na malazi ni hesabu nyingine, tena nzito. Hapo ndipo familia inapaswa kukaa na kupima.

Wanaorudia masomo wapo, na huenda ndio chanzo cha mkanganyiko. Baadhi yao walijipangia safari wenyewe, au walibadilisha masomo wakishafika bila kuiarifu idara yao.

Kuhakikisha si kazi. Nenda ofisi ya msajili, uliza kama makubaliano na chuo kile yangalipo, kisha omba orodha ya masomo yatakayohesabiwa, kwa maandishi.

Ujumbe ule ukikufikia tena, tafadhali usiusambaze. Huenda kwenye grupu hilohilo kuna kijana aliyeacha kutuma maombi kwa sababu ya ujumbe huo.