Fulifremu miralesi: kasoro ipi inatoka wapi

Wapiga picha za harusi hapa Mtwara hulitamka kama jina moja: fulifremu miralesi. Kasoro zake nazo huzitaja kwa mkupuo, kana kwamba zote zina chanzo kimoja. Haya ni maneno mawili, na kila moja lina matatizo yake. Anayetaka kununua afadhali ayatenganishe kwanza.

Fulifremu ni habari ya ukubwa wa sensa, kile kibamba kinachopokea mwanga. Sensa hiyo ina milimita 36 kwa 24, kipimo kilichorithiwa kutoka mkanda wa filamu wa milimita 35. Kamera nyingi za bei nafuu zina sensa ya APS-C, kama milimita 23.5 kwa 15.6, na eneo lake halifiki nusu ya ile. Miralesi maana yake haina kioo. Kamera nyingi za awali za kubadili lenzi zina kioo mbele ya sensa, kinachopeleka taswira kwenye kitundu cha kuchungulia. Miralesi imekiondoa, unachokiona kitunduni ni kiskrini kidogo. Sony iliyaunganisha mambo hayo mawili katika kamera yake ya a7 mwaka 2013, Canon na Nikon zikafuata 2018.

Sensa kubwa inadai lenzi kubwa, na lenzi kubwa ni ghali. Mtu hununua bodi, yaani kamera bila lenzi, kwa kuwa ni nyembamba, kisha akifunga lenzi ya kuvuta mbali ya milimita 70-200 yenye f/2.8 (namba ya f ni kipimo cha tundu la lenzi; ikiwa ndogo, tundu ni kubwa) anajikuta na kilo moja na ushee ya lenzi peke yake.

Kasoro inayoumiza zaidi, kwa maoni yangu, haionekani dukani. Ukipiga kutoka pale pale, picha ikawa na upana ule ule na namba ya f ikawa ile ile, sehemu inayotoka kali kwenye fulifremu ni nyembamba kuliko kwenye APS-C. Kwa bibi harusi aliye peke yake ufukweni Shangani, hilo ni pambo. Siku mwali anatoka ni mambo mengine. Niliwahi kupiga jioni kwa f/2.8, mwali mbele, mama na mashangazi nyuma yake, kungwi safu ya tatu. Mwali alitoka safi. Kungwi aliyemfunda akatoka kama moshi. Picha ile bado inaniuma.

Dawa yake ni kuziba tundu, na hapo ndipo hesabu inapogeuka. Ili fulifremu ikupe ukali ambao APS-C inautoa kwa f/2.8, unahitaji kama f/4. Mwanga umepungua kwa nusu au zaidi, ISO, yaani kipimo cha wepesi wa kamera kwa mwanga, inapanda maradufu, na chenga, vile vidoadoa vya picha za gizani, zinarudi. Ule ubora wa gizani uliokufanya ulipe pesa nyingi umeyeyuka. Kwa picha za kundi usiku, kamera hizo mbili zinakaribia kuwa sawa.

Kukosa kioo nako kuna gharama yake, na ya kwanza ni betri. Kuchungulia kupitia kioo karibu hakuli umeme. Kiskrini na sensa inayofanya kazi muda wote vinakula. Kwa kipimo cha chama cha watengenezaji kamera cha Japani, CIPA, Sony a7 ile ya 2013 ilipewa picha 340 hivi kwa chaji moja. Nikon D750 ya 2014, fulifremu yenye kioo, ilipewa 1,230. Matoleo ya baadaye yamepata nafuu kubwa: a7 III ya 2018 ilifika 710. Hata hivyo, ngoma ikikesha kijijini kusiko na umeme, beba betri tatu.

Shata ni pazia linalofungua na kufunga mwanga mbele ya sensa. Ukitumia ya kielektroniki, isiyo na pazia, kwenye kamera nyingi sensa husomwa mstari baada ya mstari, hivyo mikono ya mcheza sindimba inaweza kupinda, na taa za LED ukumbini zikaacha michirizi. Rudi kwenye shata ya kawaida, yatapungua sana.

Vumbi ndilo linaloyakutanisha maneno yote mawili. Ukivua lenzi kwenye kamera yenye kioo, sensa imejificha nyuma ya kioo na shata. Kwenye miralesi nyingi iko wazi, na kwa kuwa ni fulifremu, uwanja wa kutua vumbi ni mpana. Baadhi, kama Canon EOS R, hufunga shata unapozima kamera, lakini pazia hilo ni jembamba, usiliguse. Ukienda Newala na lile vumbi jekundu, chagua lenzi moja kabla hujaondoka. Ukirudi, elekeza kamera kwenye anga tupu juu ya ghuba ya Mikindani, weka f/16, piga, kisha kuza picha. Kila doa jeusi utakaloliona limekaa pale pale kwenye picha ya pili ni punje ya vumbi iliyo juu ya sensa.